Siku Atakayouliza Mwenyewe

Mbwa hawakubweka. Hilo ndilo lililomfanya Bangari ainue macho kutoka kwenye kisu chake. Mtu asiyemjua alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la kumenyea popoo za tambuu, begi mgongoni, na mbwa wawili wa shamba walikuwa wamejilaza miguuni pake kama watu waliomaliza kungoja.

Wanawake walinyamaza mmoja baada ya mwingine, lakini mikono haikusimama. Kila mmoja alikalia kibao chake, kisu kimesimama mbele yake kama mbuzi ya kukunia nazi. Popoo ya kijani hugongwa kwenye ncha, huzungushwa, ganda huchanika, kokwa huangukia kikapuni. Mtu aliyekaa kazini muda mrefu hahitaji kuangalia. Bangari alimwangalia mgeni.

Alikuwa kijana mwembamba, midomo imekauka kwa vumbi la basi. Alisema kitu kwa Kihindi.

Timmappa, nyapara wa shamba, alitoka nyuma ya sufuria la shaba ambamo popoo zilikuwa zikichemka katika maji yake mekundu. "Anatafuta kazi," akawaambia wanawake. "Msimwangalie hivyo, mtammeza."

Lakini kijana hakuwa amemaliza. Alitoa simu mfukoni, akaifuta kwa shati, akaigeuza ili wote waione. Kwenye kioo kulikuwa na uso: masikio yaliyochomoza, mwanya katikati ya meno, tabasamu lisilojua kujificha.

Kisu cha Bangari kilimgusa kidole. Akatia kidole kinywani.

Timmappa alikuwa anatafuna tambuu. Taya lake lilisimama. Kisha akajibu kwa Kihindi kifupi, na ndani yake kulikuwa na neno moja ambalo hata Bangari alilijua: nyoka. Baada ya hapo akaondoka upesi kuelekea nyumba kubwa, kwa Ganapayya, mwenye shamba.

Kusuma ndiye aliyeinama kunong'ona. Alikuwa binti wa majirani, aliyewahi kushona mashati kiwandani Bengaluru akarudi na Kihindi cha mabwenini. "Dada Bangari, si kazi tu anayotafuta. Anaitwa Somra. Ni mdogo wake Etwa, huyo kwenye simu. Anasema kwao, Jharkhand, walipigiwa simu tu kwamba nyoka amemuuma na maiti imeshachomwa moto. Anauliza ni nani aliyekuwapo."

Huchamma, bibi mwenye ulimi ambao hata wauza bangili waliuogopa, alikuwa anachagua popoo kikapuni kana kwamba moja ilikuwa tofauti na nyingine.

"Mbona unaniangalia mimi?" Bangari alimuuliza Kusuma.

"Si mimi. Yeye ndiye anakuangalia."

Kijana aliongea tena, polepole, na Kusuma akafuata nyuma yake. "Anasema kwao mtu akifa huitwa kwa jina, arudi nyumbani akae na wazee wake. Lakini wazee huuliza, huyu alikufaje? Wakidanganywa hawampokei. Mama yake ameshaita na kuita. Anasema haji."

Bangari alitaka maneno ya kumsukuma mtu huyu arudi kwenye basi lake bila kumtukana. Akayapata, na wakati anayasema yalionekana kuwa maneno ya busara.

"Mwambie jambo kama hili halipitishwi kwenye kinywa cha mtu mwingine. Ajifunze lugha yetu. Siku atakayoniuliza mwenyewe, nitamjibu."

Wanawake wakacheka kicheko kifupi cha watu waliofunguliwa kamba. Kikannada, kwa msimu mmoja wa mavuno? Wenzake wa miaka ya nyuma walikuja, wakakwea mipopoo, wakaondoka na neno moja tu. Bangari naye alikuwa anajiandaa kucheka. Lakini Kusuma alipomaliza kutafsiri, kijana alikaribia, akanyoosha kiganja.

Huku kwetu kiapo hutolewa kiganja juu ya kiganja. Labda na kwao ni hivyo. Mkono ule ulining'inia mbele yake, na kadiri ulivyoning'inia ndivyo wanawake walivyoacha kucheka.

Bangari akakipiga kiganja kile. Mkono wake ulikuwa mwekundu-mweusi kwa utomvu wa popoo, na kijana aliporudisha wake, alama ilibaki. Rangi ile haitoki kwa sabuni. Hutoka ngozi inapobadilika.

*

Ganapayya aliamuru apewe kazi. Timmappa alileta habari hiyo mwenyewe, huku akimtazama Bangari kwa jicho la pembeni. "Bwana anasema bora awe hapa, machoni petu. Abebe vikapu. Akichoka ataondoka."

Atachoka, Bangari naye alijiambia. Etwa angekuwa hai, angemwambia hivyo hivyo: hii lugha inachosha.

Maana Etwa alikuwa na neno moja. Aytu. Yaani sawa, nimesikia, imekwisha. Ukimwambia alete maji, aytu, analeta kuni. Ukimwambia kamba imeoza asipande nayo, aytu, huyo yuko juu. Wanawake walimpenda kwa ajili ya hilo. "Etwa, utanioa?" Huchamma alikuwa akimuuliza kila asubuhi. "Aytu!" na banda zima linaanguka kwa kicheko.

Mwaka uliotangulia, mpunga ulipoanza kutoa masuke, nguruwe mwitu walishuka kutoka msituni. Ganapayya akafanya kama wanavyofanya wengine ambao hawalisemi: alivuta waya mtupu kando ya shamba la chini na kuuunganisha na umeme wa nyumbani kila jua linapozama. Bondeni wote walijua. Ng'ombe wakisharudi, hakuna apitaye chini.

Jioni ile Bangari alikuwa anateremka na mzigo wa majani kichwani. Timmappa alikuwa njia ya juu, na Etwa alikuwa anakata kuelekea chini, anapiga mluzi. "Wee!" Timmappa alipaza sauti kwa Kikannada. "Waya una moto! Pitia juu!" Etwa aligeuka. Akainua mkono, mwanya wake ukaonekana hata kutoka mbali. "Aytu!" akaitikia. Akaendelea kuteremka.

Bangari aliona Timmappa ameridhika na kwenda zake. Naye pia aliridhika, mtu amejibu. Hakusikia ukelele. Alisikia mbwa tu, na mbwa wale hawakunyamaza mpaka asubuhi.

Kulipokucha Ganapayya alipita nyumba kwa nyumba, peku. Hakuwa mtu mkatili, na hapo ndipo ilipokuwa taabu. Mume wa Bangari alipougua, Ganapayya ndiye aliyempakia kwenye gari lake na kumshikilia kichwa njia nzima. Nyumba anayoishi Bangari imesimama kwenye ardhi ya Ganapayya tangu enzi za baba mkwe. Siku hiyo bwana huyo alilia mbele yake. "Ni nyoka, Bangari. Tukisema vingine shamba linafungwa, na sisi sote tutakwenda wapi?"

Naye, amesimama kizingitini na ufagio mkononi, alimjibu neno lile lile la Etwa. Aytu.

Ila kulikuwa na jambo moja lililobaki wazi kama mlango. Katika mabonde haya, nyoka akimchukua mtu, mwenye shamba hupeleka maziwa na manjano kwenye mawe ya Nyoka, ndani ya kichaka kisichoguswa na shoka, akaomba radhi na kusimamisha jiwe jipya. Kazi haifanyiki mpaka limalizike. Ganapayya hakwenda. Watu walisema mama yake, Bibi Bhagirathi, alijilaza mlangoni na kumzuia. "Umedanganya juu ya maiti, nikanyamaza," eti ndivyo alivyomwambia. "Humsingizii Nyoka ukampelekea maziwa ya uongo."

Kwa hiyo hakuna jiwe lililosimamishwa, na tangu hapo bonde likawa linangoja. Mvua zilipokuja, uozo uliingia kwenye mipopoo na popoo changa zikawa zinadondoka usiku kucha, tap, tap, kama mtu anayetembea. Ngozi ya mjukuu wa Huchamma ikapasuka magamba. Ng'ombe wa nyumba kubwa akazaa ndama mfu. Kila mtu alihesabu moyoni.

*

Bangari alitaka somo liwe gumu ili kijana akate tamaa. Bila kukusudia akamfundisha vizuri kuliko ambavyo angefundishwa na mwalimu yeyote wa mjini.

Kwanza alipiga marufuku Kihindi bandani. Kusuma alikuwa akiuma midomo asije akamsaidia. Kitu kiliwekwa mkononi mwa Somra na kutajwa mara moja tu: kamba, kikapu, ganda, chumvi. Kesho yake akikitaka, akitaje, au akikose. Siku mbili za mwanzo alibaki na kiu mpaka adhuhuri, kisha neno la maji likamtoka kama mtu anayetema mfupa. Hakuna aliyempunguzia kasi. Wanawake waliongea kama wanavyoongea siku zote, wote kwa pamoja, juu ya wakwe, bei ya nazi na nani kaonekana stendi na nani, na yeye alipita katikati yao na vikapu vyake, masikio yamesimama.

Kila asubuhi ilibidi aeleze alichofanya jana.

"Haya, mkwe wangu," Huchamma alianza. "Jana ulifanya nini?"

"Jana mimi... mimi kula nyati."

"Mzima?"

"Mzima. Na maji. Mtoni."

"Masikini, kamla na mto wake!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za sari. Kisha wote, kwa sauti moja, wakamwambia ilivyo: nilimwosha nyati. Naye akarudia. Kosa lililochekwa hivyo hakulirudia tena. Jioni alimfuata nyati mwenyewe, huyo wa kufugwa, bandani kwake na kumsimulia siku nzima, maana nyati, alimwambia Bangari baadaye, hacheki.

Huchamma alimfundisha matusi. "Utaishi vipi na watu hujui kuwatukana?" Bangari alimtuma gulioni peke yake na kumkataza kuonyesha kitu kwa kidole. Mara ya kwanza aliagizwa ndimu za achari, akarudi na ufagio. Mara ya pili alirudi na ndimu na habari kwamba muuza ndimu ni mjane, anaumwa goti, na amemwita mwizi.

"Ukamjibuje?" Huchamma aliuliza.

"Nilimwambia bibi, ndimu zako zimezeeka kuliko goti lako."

Banda lilishangilia. Bangari alicheka na wenzake, na ndani ya kicheko chake kitu kilishuka kama ndoo kisimani. Kijana alikuwa anasogea. Kila neno analompa lilikuwa hatua ya kuja mlangoni kwake.

Neno moja tu hakumruhusu. Siku moja alimwambia, "Kalete kamba iliyo nyuma ya uchanja, si ile nyekundu, ile nyekundu imeoza." Somra alikuwa amebeba kikapu, amechoka. "Aytu," akasema, akageuka.

Bangari aliinuka ghafla hata kibao kikapinduka. Alimtupia ganda la popoo likampiga mgongoni. "Aytu nini? Umeelewa nini?"

Kijana alisimama, akatazama chini.

"Hujaelewa, sema sijaelewa! Usiniitikie kitu usichokielewa! Sema!"

"Sija... elewa."

"Kwa sauti!"

"Sijaelewa!" alipiga kelele. "Sijaelewa, dada! Sema tena!"

Hakuna aliyecheka. Kwenye sufuria, Timmappa alikuwa ameacha kukoroga. Povu jekundu lilipanda, likamwagikia motoni, na moshi ukawafunika wote.

Mchana ule walikula pamoja chini ya uchanja, uji wa mchele na achari. Labda kwa kumwonea huruma, Bangari alimfundisha kwa upole safari hii, viungo vya uso. Aligusa jicho lake. "Kannu."

Somra akaweka bakuli chini. "Hilo nalijua," akasema. "Kwetu ni khan."

"Mwongo."

"Kweli, dada." Akagusa kinywa. "Na hiki?"

"Bayi."

"Bai," akasema Somra, akacheka kama mtoto aliyeona ndugu sokoni. "Kwetu bai. Mimi natoka mbali hivi, treni inalala njiani, inaamka, inalala. Na jicho na kinywa ni vile vile!"

Katika maneno yote ya dunia, Bangari alifikiri. Akajifanya anatafuta chumvi.

*

Ganapayya alikuja bandani siku ambayo Shanta, binti yake Bangari, alitarajiwa kutoka kwa mumewe. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama; ndivyo ilivyo, na Bangari alikuwa ameshaosha sari kuukuu za kumfunika mtoto.

"Naona umefungua shule, Bangari," Ganapayya alisema. Alichukua kokwa, akaligeuza kwenye mwanga. Alikuwa amekonda tangu mwaka jana.

"Ni mchezo tu, bwana. Unapunguza usingizi."

"Si vibaya. Mtu akijua lugha ataomba maji, ataomba njia. Zaidi ya hapo ni ya nini?" Alirudisha kokwa kikapuni taratibu, kama anayelaza kitu kilicho hai. "Nimemwambia Timmappa akubadilishie vigae. Paa lile limechoka. Mtoto asizaliwe chini ya paa linalovuja."

"Mungu akupe maisha, bwana."

"Wewe ni kama wa nyumbani," akasema. Mlangoni akageuka. "Sote tunahitaji paa."

Alipoondoka, Huchamma alitema tambuu. "Ukipewa kitu kizuri hivyo," alisema chinichini, "angalia kimefungwa na kamba gani."

Msimu ulikuwa unakwisha, marundo ya popoo za kijani yamepungua, Somra alipoinua gunia na swila akawa amelala chini yake. Nyoka huyo aliinuka, akatanua shingo. Hakumtazama Somra. Aligeuza kichwa kuelekea vibao, taratibu, toka mwanamke wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mtu anayetafuta sura anayoijua.

Mikono yote ilisimama. Bangari hakumbuki kama aliwahi kulisikia banda lile likiwa kimya kabisa.

Huchamma aliunganisha viganja, midomo ikatetemeka. "Nenda zako, Baba. Tunajua. Nenda."

Swila alishusha shingo, akapita kwenye maganda, akaelekea upande wa kichaka.

"Tunajua nini?" Somra aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Mama Huchamma, angeniuma, ingekuwaje?"

Bibi alikuwa bado anatetemeka, na mtu anayetetemeka hachungi ulimi. "Bwana angepeleka maziwa na manjano kule kwenye mawe. Jiwe jipya lingesimamishwa. Nani angethubutu kumenya hata popoo moja kabla ya..." Akanyamaza. Alikuwa ameona uso wa Somra.

Kijana aliweka gunia chini. Alitoka nje, akaelekea kichakani, na hakuna aliyemwita. Walimwona kati ya miti, anainama mbele ya jiwe moja, jingine, jingine, anafuta ukungu kwa kiganja. Mawe yote yalikuwa ya zamani.

Aliporudi alibeba vikapu mpaka jioni bila kusema neno, wala la kwake wala la kwetu. Hakumuuliza Bangari. Na kesho yake hakumuuliza. Bangari alikuwa akimenya huku mabega yameinuka, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji ya baridi. Kijana alikuwa sasa na kila neno alilohitaji. Alikuwa nayo yote, na hakuuliza.

*

Mafundi wawili walipanda juu ya nyumba ya Bangari asubuhi, wakaanza kuvua vigae vya zamani. Vipya vilikuwa vimepangwa uani, vyekundu kama nyama. Timmappa alisimama chini ya ngazi akitoa amri ambazo mafundi hawakuzihitaji. Ndani, Shanta alikuwa amelala kwenye mkeka, tumbo lake kubwa limeelekea boriti tupu na anga. "Mama," alisema akicheka, "nahesabu mwewe."

Somra alikuja na begi mgongoni. Mbwa walimfuata mpaka uani.

"Nimekuja kuaga, dada. Basi la mchana."

Bangari alikuwa kibarazani, anamenya popoo chache alizopewa za nyumbani. "Kuaga tu?"

"Kuaga tu." Kikannada chake kilikuwa cha watu wa bonde hili, hata ule uvivu wa mwisho wa sentensi. Akachuchumaa karibu, akashusha sauti. "Kusuma ameniambia habari za nyumba. Na nimemwona Shanta. Sitauliza, dada. Nitamwambia mama kwamba ni nyoka. Nitamwambia watu wa huku walinilea vizuri."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwa Bangari. Alichotakiwa kufanya ni kumpa ndimu za safari. Juu, kigae kilishuka mkono kwa mkono. Moyoni alimwona mwanamke asiyemjua, mbali, ng'ambo ya treni inayolala na kuamka, amesimama mlangoni jioni, anaita jina.

"Nani kakufundisha kusema uongo kwa lugha yangu?" akamuuliza.

"Dada..."

"Matusi alikufundisha Huchamma. Uongo kakufundisha nani? Mimi?" Aliweka popoo chini. "Nilikupiga kiganja. Niulize."

Somra alitazama kuelekea ngazi. Timmappa alikuwa ameacha kutoa amri.

"Niulize, mdogo wangu."

Kijana alisimama wima, kama anavyosimama asubuhi kuieleza jana. "Dada Bangari. Kaka yangu Etwa alikufaje?"

Bangari alitafuta kosa la kumsahihisha. Ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na hakuliona.

Basi akamwambia. Hakumpunguzia kasi, alimwambia kwa mwendo ule ule wa bandani, macho yake kwenye macho ya kijana. Alimwambia juu ya mpunga na nguruwe, na waya, na jinsi unavyounganishwa jua linapozama. Alimwambia juu ya mluzi. "Huyu hapa alipaza sauti kumwonya," alisema, akionyesha bila kugeuka, "na kaka yako akaitikia aytu, nami niliona kwa jicho langu, na nikanyamaza kwa kinywa changu." Wanawake waliokuwa wanapita kwenda bandani walisimama njiani, vikapu kichwani. Huchamma alikuwa mbele.

Timmappa hakumkatiza. Alitazama kuelekea nyumba kubwa, akatazama chini, uso wake ukawa wa mtu aliyezeeka. Kisha akapiga makofi mara mbili. Mafundi walitazamana. Wakashuka, mmoja, halafu wa pili, wakaibeba ngazi begani, wakatoka uani. Mmoja wao alipita karibu na Bangari akasema, "Nisamehe, dada," bila kusimama.

Juu ya nyumba zilibaki safu chache za vigae vya zamani upande mmoja, na pengine pote mbavu za mbao.

"Umeelewa?" Bangari aliuliza.

Bangari aliliona lile neno likimjia Somra, lile jepesi linalofunga kila kitu. Alimwona analishika. Kijana akalimeza.

"Sijaelewa," akasema kwa sauti iliyofika mpaka njiani. "Sema tena."

Kama kweli hakuelewa, au alitaka na wale walio njiani wasikie, Bangari hakuuliza. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye sari ingawa rangi ile haifutiki, akaanza upya kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Upande wa bonde, wingu lilikuwa linapanda nyuma ya mipopoo. Ndani ya nyumba, Shanta alijinyanyua kwa kiwiko, akasikiliza kidogo. Kisha akaanza kuuvuta mkeka wake, polepole, kuelekea upande ambao vigae vilibaki.